Walimu Kumi na Mmoja na Picha ya Darasa la Nne

Mgeni rasmi, uliyekubali kuacha mafaili yako mezani kwa ajili yetu, Mwalimu Mkuu, wajumbe wa kamati ya shule, wazazi mliofunga vibanda na kufunika cherehani zenu asubuhi hii, nanyi wanafunzi wetu: tunawasalimu nyote kwa heshima.

Sisi walimu wa shule hii tumemtuma mwalimu wa darasa la kwanza atusomee, kwa sababu sauti yake imezoea kurudia jambo moja mara nyingi bila kukasirika.

KARIBU

Mgeni rasmi, karibu sana. Tunakushukuru kwa kufika saa uliyosema. Unaona watoto wamekaa chini, kwenye kivuli cha madarasa, badala ya kusimama mistari miwili kukupokea. Tafadhali usidhani ni utovu wa adabu. Sababu utaisikia mbele.

Risala za shule hii huwa zinafanana. Tunasifu, tunaomba madawati, tunashukuru, tunapiga makofi, tunakwenda kunywa soda. Tumekwisha kuandika nyingi za namna hiyo na tunazijua kwa moyo. Ya leo imetuchukua majuma matatu na imetutoa jasho. Inamhusu mwenzetu mmoja, mwalimu wa sanaa. Watoto humwita Mwalimu Makaa kwa sababu mikono yake haikuwahi kutakata, na kwa kuwa yeye mwenyewe amelizoea jina hilo, na sisi tutalitumia. Tulimpa aisome kabla hujaja. Akafuta sifa tatu kwa kalamu nyekundu, akaturudishia, akasema, "Acheni yaliyotokea tu."

Basi tunayasema yaliyotokea.

HISTORIA

Mwalimu Makaa alifika hapa miaka kumi na miwili iliyopita, barua ya ajira mkononi na mkoba wa turubai begani. Alipewa sanaa kwa madarasa ya tatu na ya nne, vipindi viwili kwa wiki. Siku ya kwanza aliwaambia watoto wa darasa la tatu wachore nyumba. Walikuwa sabini na wanane. Alipokusanya karatasi alikuta nyumba sabini na nane zilizozaliwa tumbo moja: paa la pembetatu, madirisha mawili, mlango katikati, bomba la moshi juu ya paa, njia inayojipindapinda, na ua moja kubwa kuliko mlango.

"Nani kwao kuna bomba la moshi juu ya paa?" aliuliza.

Hakuna aliyeinua mkono.

"Sasa mmeliona wapi?"

"Ubaoni, mwalimu," mmoja akajibu. "Mwalimu wa mwaka jana alichora, tukanakili."

Alitusimulia hayo chumba cha walimu wakati wa mapumziko, tukacheka mpaka chai ikamwagika. Yeye hakucheka. Alisema moyo ulimshuka. Watoto sabini na wanane, kila mmoja analala katika nyumba yake, anajua bati lipi linavuja na ufa unaanzia wapi, na hakuna hata mmoja aliyedhani nyumba yao inafaa kuchorwa.

Kipindi kilichofuata aliwatoa nje, akawaketisha kulizunguka bomba la maji la shule. Hakuwapa karatasi wala kalamu. Mwalimu wa taaluma, ambaye ndiye msimamizi wa ratiba na mitihani, alikuwa anapita na rula yake kwapani.

"Mwalimu, hawa wanafanya nini?"

"Wanatazama."

"Wanatazama nini?"

"Bomba."

"Na somo je?"

"Ndilo hilo."

Mwalimu wa taaluma alisimama pale, naye akalitazama lile bomba asije akaonekana hajui kitu. Ameturuhusu tuseme kwamba siku hiyo, baada ya miaka tisa ya kunywa maji pale, ndipo alipogundua kuwa koki imefungwa kwa waya wa shaba na kwamba zege la chini limeliwa upande mmoja na ndoo za watoto.

Chumba cha sanaa hatukuwa nacho. Kulikuwa na ghala la majembe nyuma ya jiko la shule, limejaa vumbi na popo. Mwalimu Makaa alilisafisha yeye na watoto, akafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta za kuanikia picha, akaweka meza mbili zilizokuwa zimekatwa miguu. Rangi hatukuwa nazo pia. Alichemsha maganda ya vitunguu akapata njano ya kahawia. Alisaga vipande vya tofali akapata nyekundu. Makaa yalitoka jikoni, kwa mpishi, ambaye kila asubuhi alimwekea kopo moja na kumwambia, "Chukua, mwanangu, lakini usinimalizie nikakosa cha kupikia." Gundi ilikuwa uji wa wanga. Brashi zilikuwa vijiti vilivyotafunwa ncha mpaka vikawa nyuzi, na kila mtoto alitafuna chake. Karatasi ilikuwa mgongo wa mitihani ya zamani. Ndiyo maana ukishika picha nyingi za shule hii ukazigeuza, utakuta upande wa pili kuna maswali ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, hapa ndipo katika risala huwekwa asilimia za ufaulu. Zipo. Zimebandikwa ukutani ofisini kwa Mwalimu Mkuu na utaoneshwa. Sisi tunaomba kutaja mengine.

Mwalimu wa sayansi alianza kuona kwamba watoto waliopita kwenye lile ghala, akiwaambia waeleze mche wa maharage, hawaandiki tena "una majani mengi." Wanaandika "una majani saba, moja limetobolewa na mdudu." Mwalimu wa darasa la kwanza, anayewasomea hivi sasa, alianza kupeleka huko watoto waliokuwa wanachanganya herufi, wakazichora kubwa kwa mkaa sakafuni, wakazikanyaga, wakarudi wakizitofautisha. Hatusemi ni muujiza. Tunasema tuliona.

Na yuko binti mmoja wa fundi viatu. Baba yake ana kibanda pale nje ya lango, wengi wenu mmeshonewa naye. Alipokuwa darasa la tatu, baba yake alikuja shuleni amefura.

"Mwalimu, mimi nimeleta mtoto asome," alisema pale mlangoni pa ghala. "Nyumbani kuta zote zimejaa mkaa. Mama yake anasugua mpaka viganja vinamchubuka. Hii michoro itamlisha?"

Mwalimu Makaa hakubishana naye. Alikwenda kwenye kamba akaanua picha moja, akampa. Ilikuwa mikono miwili tu, imeshika kiatu kilichofumuka, na sindano kubwa imetokeza upande wa pili wa ngozi. Fundi aliipokea picha. Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto kando ya karatasi, akalinganisha.

"Ukucha huu," akasema taratibu. "Huu uliokufa, niliougonga na nyundo. Ameuona."

"Ameuona," Mwalimu Makaa akasema.

"Mimi nilidhani hata mama yake hajauona."

Aliondoka na picha. Akaibandika ndani ya kibanda, juu ya kopo la misumari, na mteja akisubiri chenji anamwonesha ili asichoke. Hilo tunaliita fanikio, ingawa hatujui liingie safu gani ya fomu.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, tunaomba uvumilivu wako hapa, maana ndipo penye mzigo.

Miaka mitatu iliyopita shule hii ilipokea mgeni rasmi mwingine, mkubwa wa wakati huo. Tuliambiwa atafika saa tatu. Tuliwapanga watoto mistari miwili tangu kengele ya pili, juani, kuanzia langoni hadi kwenye turubai. Mgeni alifika saa saba kasoro. Hatumlaumu, alikuwa ametoka kwenye shughuli mbili nyingine siku hiyohiyo. Aliketi kwenye kiti chenye mito, risala ikasomwa, ngoma ikapigwa, na usingizi ukamchukua. Mtu akichoka amechoka. Wakati huo mtoto mmoja wa kike wa darasa la kwanza, aliyesimama kwa zaidi ya saa nne bila maji, alianguka.

Kesho yake Mwalimu Makaa aliingia darasa la nne, akawaambia maneno aliyowaambia kila wiki: "Choreni mlichokiona jana."

Wakachora. Siku chache baadaye ikaja simu kutoka ofisi ya elimu: wanataka picha kumi za watoto kuhusu ile ziara, zitundikwe kwenye ukumbi wa ofisi. Mwalimu Makaa alizitandaza picha zote kwenye meza ya chumba cha walimu, akachagua tisa. Ya kumi aliishika mkononi. Ilikuwa ya binti wa fundi viatu.

Tunaomba tuieleze, kwa sababu wengi wameisema na wachache wameiona. Juu kulikuwa na turubai, na chini yake mgeni amelala, kidevu kifuani, tai imeangukia kwenye sahani ya karanga. Mbele yake chupa sita za maji, zote zina vifuniko. Upande wa pili watoto mistari miwili, kila mmoja na kivuli kifupi miguuni, maana ilikuwa adhuhuri. Katikati ya mistari mtoto mdogo yuko chini, kiatu kimoja kimemtoka. Na kando ya ukuta, walimu. Binti yule alituchora sote, kila mmoja kwa umbo lake, mwenye kitambi kwa kitambi chake na mwenye miwani kwa miwani yake. Tulikuwa kumi na mmoja, na wote tulikuwa tunamtazama mgeni. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anamtazama mtoto. Mwalimu wa kumi na mbili hakuwamo kwenye picha kwa sababu alikuwa amekimbilia bombani kuleta maji. Huyo alikuwa Mwalimu Makaa.

"Niipeleke?" alituuliza.

Mgeni rasmi, hapa tunasema mbele ya wazazi na mbele ya watoto. Tuliisogelea ile picha, tukaicheka, tukaonyeshana vitambi vyetu. Mmoja wetu akasema, "Ipeleke, huyu mtoto ana jicho!" Mwingine akasema, "Hiyo ndiyo bora kuliko zote, utaiachaje?" Mwalimu wa taaluma akasema, "Mimi ningeipeleka." Tulisema hivyo sote, hakuna aliyepinga. Akaipeleka.

Baada ya wiki mbili walikuja watu wawili kutoka ofisi ile ambayo leo unaiongoza wewe, na wakati huo hukuwapo. Waliitisha kikao, wakaiweka picha katikati ya meza, meza ileile. Wakauliza, "Nani aliiona picha hii kabla haijatoka hapa shuleni?"

Tuliangalia meza. Mmoja alikuwa anahesabu mistari ya mbao, amekiri mwenyewe. Mmoja alifungua daftari la mahudhurio akalisoma kama hajawahi kuliona. Mwalimu Makaa alitutazama mmoja mmoja, hakuwa na haraka, jicho lilelile la kulitazama bomba. Kisha akawageukia wageni.

"Niliiona mimi peke yangu," akasema.

Barua ya onyo ilikuja Ijumaa. Ilisema ameshusha hadhi ya kiongozi kupitia kazi za wanafunzi. Ilisema pia vipindi vya sanaa visimame kwa muda hadi itakapoelekezwa vinginevyo. Huu ni mwaka wa tatu, na hiyo vinginevyo bado hatujaiona. Vipindi viligawiwa hisabati. Ghala likajazwa madawati mabovu hadi dirishani. Mwalimu Mkuu, alipoisoma risala hii juzi, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Tulidhani atatukataza. Alisema, "Ongezeni kwamba barua ile niliipitisha mimi, na nikaitia sahihi bila kuuliza swali hata moja. Msiniache nje." Basi hatukumwacha nje.

Watu walisema picha ile ilimkejeli mgeni. Sisi tulijua tangu siku ile kwamba ilikuwa inatusema sisi. Pengine ndiyo maana tulinyamaza kirahisi.

Mwalimu Makaa alipewa hisabati darasa la sita na la saba. Alifundisha vizuri, hatukusikia hata neno moja la kulalamika. Lakini alichoka, mgeni rasmi, na kuchoka kwake tulikuona kama unavyoona nguo inavyopauka, huwezi kusema ni siku gani. Aliacha kukaa nasi wakati wa chai. Mikono yake ikatakata. Watoto wapya wakamwita Mwalimu Makaa bila kujua jina limetoka wapi. Mpishi aliendelea kumwekea kopo la makaa mlangoni kwa muhula mzima, kisha naye akaacha.

Tungeendelea hivyo. Hilo pia tunalikiri. Kilichotuamsha ni pembetatu.

Muhula uliopita Mwalimu Makaa alikuwa anasahihisha jaribio la darasa la saba. Swali la nne lilisema: chora pembetatu yenye pande za sentimita tano, sita na saba, kisha upime pembe zake. Binti wa fundi viatu, ambaye sasa yuko darasa hilo, hakuchora kitu. Aliandika kwa maneno, kwa mwandiko safi: "Ni pembetatu. Upande wa chini ni sentimita saba. Upande wa kushoto ni sentimita tano. Wa kulia ni sita." Nafasi ya mchoro ilikuwa nyeupe. Mwalimu akamwita baada ya kipindi.

"Rula huna?"

"Ninayo, mwalimu."

"Mbona hukuchora?"

Binti akatazama viatu vyake.

"Umepoteza alama nne. Ni mistari mitatu tu."

"Sichori tena, mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu ile. Nikichora, watu wanapata barua. Wewe ulikuwa na chumba chako. Na mpishi alikuwa anakuletea makaa. Mimi ndiye niliyekuponza."

Kwa miaka mitatu Mwalimu Makaa alikuwa amebeba kimya chetu akidhani anamkinga mtoto. Kumbe mtoto alikuwa amekaa chini ya kimya hichohicho, amejitwika kosa lote. Alikuja chumba cha walimu na daftari la binti lenye jaribio lile, akaliweka mezani likiwa wazi, akaketi. Hakulia. Afadhali angelia.

"Sikuwadai chochote," alisema. "Barua ni karatasi, ninaweza kuibeba. Lakini huyu ana miaka kumi na mitatu, na anaogopa pembetatu."

Hakuna aliyekunywa chai siku hiyo.

TULICHOKIFANYA

Sehemu hii kwa kawaida haimo katika risala. Tumeiongeza kwa sababu hatutaki kuomba tukiwa tumekaa kitako.

Kwanza, mwalimu wa taaluma alikwenda darasa la saba. Tulijitolea kwenda wengi, akasema atakwenda yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema "mimi ningeipeleka." Aliacha rula mlangoni. Alisimama mbele ya watoto akasema, "Picha ya mwenzenu tuliiona walimu wote kabla haijatoka. Tuliisifu. Tulipoulizwa, tukaogopa, tukamwacha mwalimu mmoja abebe. Barua haikuletwa na picha. Ililetwa na woga wetu." Binti akasema, "Sawa, mwalimu," bila kuinua macho. Mwalimu wa taaluma alirudi akatuambia alitegemea kujisikia mwepesi, na hakujisikia.

Pili, tulimwendea fundi viatu kibandani. Tulimweleza yote na tukamwomba ruhusa ya kuyasema leo. Alishona kiatu alichokuwa nacho mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Mlikuwa mnapita hapa kila siku," akasema. "Miaka mitatu. Mnanisalimu."

"Ndiyo, kaka."

"Haya. Semeni. Lakini msimtaje jina na msimnyooshee kidole. Na mtoto mwenyewe nitamwuliza kwanza."

Akamwuliza. Binti alikubali.

Tatu, Jumamosi moja tulitoa madawati yote mabovu ghalani, sisi na wazazi kumi na wanane. Hatukuomba kibali, na tunakujulisha hivyo leo. Tulifagia, tukafunga kamba upya. Mpishi alileta makopo mawili badala ya moja. Darasa la nne limerudishiwa kipindi kimoja cha sanaa, Alhamisi ya mwisho wa siku, na mwalimu wa hisabati wa darasa hilo ndiye aliyekitoa kwa hiari yake.

Mwalimu Makaa hakushangilia. Alisimama katikati ya ghala, akaugusa ukuta, akasema, "Mimi nimechoka, jamani. Sijui kama bado ninaweza." Unalo mezani kwako ombi lake la uhamisho, la tangu mwezi uliopita, na hatukuombi ulikatae. Mtu aliyeachwa na wenzake ana haki ya kutafuta wenzake wengine. Alichotuahidi ni kumaliza mwaka. Alhamisi ya kwanza aliwapeleka watoto nje, akawaketisha kulizunguka jiko la shule, wakatazama.

MAOMBI

Mgeni rasmi, madawati tunayahitaji bado, na matundu ya choo, na paa la darasa la pili. Yamo kwenye orodha uliyokabidhiwa langoni. Hapa tunaomba matatu tu.

La kwanza, barua ile itolewe kwenye faili la Mwalimu Makaa. Kama ni lazima faili liwe na barua, tumeandika nyingine, imetiwa sahihi na walimu kumi na mmoja na Mwalimu Mkuu, inayosema kwamba tuliiona picha. Iwekwe hiyo.

La pili, ile kauli ya "kwa muda" ifutwe kwa maandishi, ili kipindi cha Alhamisi kisitegemee hisani ya mwalimu wa hisabati, ambaye naye atastaafu.

La tatu ni dogo na ndilo tunaloliogopa zaidi kuliomba. Leo ni Alhamisi. Darasa la nne litaingia ghalani baada ya soda. Tumeweka kiti kimoja, hakina mito. Tunakuomba uketi dakika arobaini, watoto wakuchore kama ulivyo. Si lazima ukae wima. Ukichoka, choka. Wanachohitaji ni kuona mtu wa ofisini amechorwa, ameitazama picha yake, na hakuna aliyepata barua. Maneno ya aina hiyo tumewaambia sisi, lakini kwetu wana sababu ya kuyatilia shaka.

Usimtafute binti wa fundi. Tulimwalika kwenye kipindi, akaja Alhamisi ya kwanza akasimama mlangoni, akasema, "Nimekuja kuosha brashi tu." Mwalimu Makaa akamwonesha ndoo. Ameosha brashi Alhamisi tatu mfululizo, anaziosha vizuri, anazipanga kwa urefu. Hachori, wala hakuna anayemwambia achore. Mwalimu Makaa huacha karatasi moja na kipande cha mkaa ukingoni mwa meza, karibu na ndoo, kisha anaendelea na wengine. Alhamisi ya kwanza tulipofunga chumba karatasi ilikuwa pale pale. Ya pili pia.

Alhamisi iliyopita haikuwapo. Hatujamwuliza mtu.

Mgeni rasmi, tunakuombea afya, safari njema ya kurudi, na macho yanayoona hadi mwisho wa kazi yako. Wazazi tunawaombea mikono isiyochoka upesi. Watoto wetu tunawaombea watu wazima walio bora kuliko tulivyokuwa sisi siku ile mezani. Na kwa Mwalimu Makaa, ambaye alitukataza sifa, tunasema tu kwamba tuko hapa, na safari hii tumeinua macho.

Ni sisi,
Walimu kumi na mmoja na Mwalimu Mkuu wa shule hii.